Kodi, Ardhi na Kalamu: Jinsi ya Kujiandaa na Testi ya Ulaya ya Enzi za Kati za Mwanzo

Wiki ya testi ya Historia ya Ulaya ikikaribia, vimbweta hujaa mapema. Desa linapigwa kopi ya kopi mpaka herufi zinafifia, na kila kona unasikia tarehe zikiimbwa: 410, 476, 511, 732, 800, 843. Halafu siku yenyewe karatasi inakuja na swali la mstari mmoja: je, ni sahihi kusema kwamba Dola ya Kirumi ilianguka mwaka 476? Jadili. Hapo mtu ana tarehe sita mkononi na hana pa kuziweka.

Ninaoandikia ni wenzangu wanaosoma Ulaya ya Enzi za Kati za mwanzo, yaani takriban mwaka 400 hadi 1000. Wengi wanaiogopa mada hii kuliko zote za muhula, na sababu inajulikana: majina. Kuna Theodoric na Childeric, kuna Pippin zaidi ya mmoja, akina Charles ndio usiseme. Ukijaribu kuwakariri wote utachoka kabla hujafika karne ya 8. Hoja yangu ni kwamba mada hii haitaki kichwa cha kukariri. Inataka maswali matatu uyabebe kutoka mwanzo hadi mwisho: Nani anakusanya kodi? Nani ana ardhi? Nani ana kalamu? Ukiwa nayo, majina yanajipanga yenyewe.

Kwanza: soma kitenzi cha swali

Testi ya chuo haikuulizi nini kilitokea. Inakuambia "jadili", "tathmini", "kwa kiasi gani". Maana yake mwalimu anajua kwamba kuna zaidi ya jibu moja, na anataka kuona wewe umesimama wapi na umesimama juu ya nini. Ukisimulia tu habari za Clovis kutoka kuzaliwa hadi kufa, hata kama kila tarehe ni sahihi, umejibu swali ambalo halikuulizwa.

Kwa hiyo chochote unachosoma, jiulize: hii inathibitisha nini? Tarehe isiyothibitisha kitu iache.

Kodi: kwa nini Roma ya Magharibi iliisha

Dola ya Kirumi ilikuwa mashine ya kodi. Wakulima walitozwa, kodi ikalipa jeshi, jeshi likalinda mipaka, na ndani ya mipaka wakulima wakaendelea kulima. Ondoa kipande kimoja, vingine vinaanza kuyumba.

Mwaka 376 Wagothi, wakikimbia shinikizo la Wahuni kutoka mashariki, waliomba kuvuka mto Danube na kuingia ndani ya dola. Waliruhusiwa, lakini maofisa wa Kirumi waliwanyanyasa na kuwauzia chakula kwa bei za kinyama. Wakaasi. Mwaka 378 walimuua Kaisari Valens katika vita vya Adrianople. Mwisho wa mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi wakavuka mto Rhine. Mwaka 410 Alaric na Wavisigothi wakaliteka jiji la Roma lenyewe na kulipora kwa siku tatu.

Hizo ndizo tarehe ambazo kila mtu anazo. Lakini nondo yenyewe ambayo wengi wanairuka ni hii: mwaka 439 Wavandali, wakiongozwa na Gaiseric, waliiteka Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Afrika ya Kaskazini ndiyo iliyokuwa ikilisha Roma kwa ngano na mafuta ya zeituni, na kodi yake ilikuwa tegemeo la hazina ya Magharibi. Mwaka 468 Mashariki na Magharibi zilipeleka jeshi kubwa la majini kwenda kuikomboa, likashindwa. Baada ya hapo Magharibi haikuwa na fedha za kulipa askari. Kwa hiyo Odoacer alipomwondoa yule kijana Romulus Augustulus kule Ravenna mwaka 476, alikuwa ananing'oa kibao cha duka ambalo bidhaa zake zilishaisha.

Hapo ndipo unapoweza kulijibu lile swali. Mwaka 476 ni alama, si sababu. Tena dola yenyewe haikufa yote: upande wa Mashariki, wenye makao Konstantinopoli, uliendelea kutoza kodi na kulipa jeshi, na ulidumu mpaka 1453. Kaisari Justinian, aliyetawala 527 hadi 565, aliirudisha Afrika mikononi mwa Warumi na akapigania Italia karibu miaka 20. Vita hivyo, pamoja na tauni iliyoanza mwaka 541, viliiacha Italia hoi, na mwaka 568 Walombardi wakaingia.

Sasa ongeza wanahistoria, maana testi bila mjadala wa wanahistoria ni hadithi. Edward Gibbon katika karne ya 18 aliona anguko. Peter Brown mwaka 1971 alitutaka tuone mabadiliko: dini mpya, utamaduni mpya, watu wale wale wakiendelea kuishi. Bryan Ward-Perkins mwaka 2005 akajibu kwa vyungu na vigae: ukichimba chini, vyombo bora vya udongo vinapungua, nyumba zenye paa la vigae zinapungua, watu wa kawaida wanaishi maisha duni kuliko mababu zao. Katikati yuko Henri Pirenne, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1937 baada ya kifo chake. Yeye alidai kwamba kilichoikata Ulaya na dunia ya kale si Wagothi, bali ni kugawanyika kwa Bahari ya Mediterania baada ya Waarabu kuiteka pwani yake ya kusini katika karne ya 7. Waakiolojia wengi wamempinga wakionyesha kwamba biashara ya Magharibi ilishaanza kudorora kabla ya hapo.

Huna haja ya kuwapenda wote. Chagua wawili wanaogongana, sema kila mmoja anaangalia ushahidi gani, kisha simama upande mmoja. Ukiangalia imani na fikra, utaona mwendelezo. Ukiangalia kodi na vyungu, utaona anguko. Sentensi kama hiyo, ukiiandika kwa maneno yako na kuipa mifano, inamwonyesha mwalimu kwamba umeelewa ugomvi wenyewe.

Ardhi: mfalme asiye na kodi anatawala vipi?

Mfalme mwenye kodi anaajiri. Asipofanya kazi mtu wake, anamkatia mshahara. Mfalme asiye na kodi ya kutosha analipa kwa ardhi, na ardhi ukishaitoa hairudi kirahisi. Anayepewa anaizoea, anamrithisha mwanawe, na kesho anakutazama machoni kama mwenzake. Hiyo ndiyo sarufi ya siasa za Ulaya kuanzia karne ya 6 hadi ya 10.

Waangalie Wafaranki. Clovis aliunganisha sehemu kubwa ya Gallia, akabatizwa kuwa Mkatoliki, akafa mwaka 511, na ufalme ukagawanywa kwa wanawe wanne kama shamba la urithi. Kizazi baada ya kizazi ukoo wake uligawana na kupigana, huku ardhi ya kugawa ikipungua. Nguvu zikahamia kwa wasimamizi wa kasri, na mmoja wao, Charles Martel, ndiye aliyelizuia jeshi la Waislamu kutoka Hispania mwaka 732, karibu na Poitiers. Mwanawe Pippin mwaka 751 alimwondoa mfalme wa mwisho wa ukoo wa Clovis, Childeric III, akanyolewa nywele na kupelekwa monasteri.

Charlemagne, mwana wa Pippin, alitawala 768 hadi 814. Alipanua dola kwa vita karibu kila mwaka. Vita vya Wasaksoni peke yake vilianza 772 na kuisha 804. Uliza swali letu: aliwalipa nini watu wake? Nyara na ardhi mpya. Ndiyo maana upanuzi uliposimama matatizo yakaanza. Hakuna kipya cha kugawa, kwa hiyo wakubwa wakaanza kunyang'anyana cha zamani. Wajukuu wake walipigana, na kwa Mkataba wa Verdun wa mwaka 843 dola ikagawanywa mara tatu: Charles the Bald magharibi, Louis the German mashariki, Lothar katikati. Juu ya hilo wakaja Waviking kwa mito, Wamagyari kwa farasi, na mashambulizi kutoka baharini kusini. Mfalme yuko mbali, bwana mwenye ngome yuko karibu. Mkulima anamkimbilia aliye karibu, na analipia ulinzi huo kwa jasho na uhuru wake.

Hapa tahadhari, hasa kwa tuliosoma historia sekondari hapa nchini. Tunakuja na neno "ukabaila" tulilolikariri pamoja na nyarubanja, ubugabire na umwinyi, tukidhani Ulaya ilikuwa na mfumo mmoja wenye ngazi: mfalme juu, makabaila katikati, watwana chini. Elizabeth Brown mwaka 1974 na Susan Reynolds mwaka 1994 walionyesha kwamba ile piramidi safi imechorwa zaidi na wanasheria na wanahistoria wa baadaye kuliko na watu wa karne ya 9. Usiliogope neno, litumie, lakini sema unamaanisha nini: mkataba wa bwana na askari wake, au unyonyaji wa mkulima na mwenye ardhi? Ni vitu viwili, na testi inapenda mtu anayevitenganisha.

Kuna kitu kimoja cha Charlemagne ambacho sisi tunacho kinywani. Katika mfumo wake wa sarafu, pauni moja ya madini ya fedha ilitoa denari 240. Denari 12 zilihesabiwa shilingi moja, na shilingi 20 pauni moja. Waingereza waliendelea kuhesabu hivyo mpaka 1971, na walipoanzisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja. Ukisahau mageuzi ya fedha ya Charlemagne, kumbuka jina la kilichomo mfukoni mwako.

Kalamu: Kanisa na tunachokijua

Maofisa wa Kirumi walipotoweka Magharibi, walioendelea kusoma, kuandika na kutunza kumbukumbu walikuwa hasa watu wa Kanisa. Askofu alikuwa mlezi wa mji. Monasteri, nyingi zikija kufuata Kanuni ya Benedict wa Nursia ya karne ya 6, zilikuwa shamba, shule na maktaba kwa pamoja. Papa Gregory I alimtuma Augustine Uingereza, akafika Kent mwaka 597. Mwaka 731 mtawa Bede alikamilisha historia ya Kanisa la Waingereza. Charlemagne alimwita Alcuin kutoka York asimamie elimu, na waandishi wa zama hizo wakaeneza mwandiko wa herufi ndogo zilizo wazi, ambao ndio mzazi wa herufi ndogo unazosoma sasa hivi.

Mwenye kalamu ana nguvu mbili. Ya kwanza ni kuhalalisha. Pippin kabla ya kuchukua kiti alimuuliza Papa Zachary nani astahili kuitwa mfalme, mwenye jina au mwenye nguvu, akapata jibu alilolitaka. Siku ya Krismasi ya mwaka 800 Papa Leo III alimvika Charlemagne taji la kaisari jijini Roma. Lakini kumbuka mwaka mmoja nyuma, 799, Leo huyo huyo alishambuliwa na wapinzani wake Roma na akakimbilia kwa Charlemagne kuomba msaada. Sasa nani alimhitaji nani? Hilo swali peke yake ni aya nzima ya jibu.

Nguvu ya pili ni kuamua sisi tujue nini. Einhard, aliyeandika maisha ya Charlemagne, anadai kwamba bwana wake hakulijua jambo la taji mapema na asingeingia kanisani siku ile kama angejua. Je, tumwamini? Aliandika baada ya Charlemagne kufa, alikuwa mtu wa nyumbani mwake, na aliiga mtindo wa Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari wa kale. Waviking nao, waliovamia Lindisfarne mwaka 793, tunawajua kama majambazi watupu kwa sababu walioandika ndio walioporwa. Ukitaja chanzo kwenye testi, usikitaje tu. Sema kiliandikwa na nani, lini, kwa faida ya nani.

Neno "giza" linatuhusu

Kipindi hiki kiliwahi kuitwa zama za giza, na bado utalikuta jina hilo kwenye madesa. Giza kwa nani? Kwa yule anayetafuta maandishi na hayaoni. Mwaka 1939 kule Sutton Hoo, Uingereza, walifukua kaburi la meli la karne ya 7: meli yenye urefu wa mita 27 hivi, kofia ya vita, na vyombo vya fedha vya kazi ya Bizanti. Hakuna mtawa aliyeandika habari za mazishi yale. Kumbe maisha yalikuwapo, ushirikiano na nchi za mbali ulikuwapo, kalamu tu ndiyo haikuwapo.

Nalisema hili kwa sababu neno hilo hilo lilikuja kutumika kwetu. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alidai katika mihadhara yake kwamba Afrika kabla ya Wazungu haina historia ya kufundisha, akailinganisha na giza. Mihadhara hiyo ikawa kitabu mwaka 1965, na mada ya kitabu ilikuwa nini? Kuibuka kwa Ulaya ya Kikristo, yaani hii hii mada ya testi yetu. Wakati huo huo wa Charlemagne, Unguja Ukuu watu walikuwa wakifanya biashara ya kuvuka bahari, na Shanga, kisiwani Pate, palikuwa na msikiti wa mapema ambao waakiolojia wameufukua. Ukijifunza kuipima Ulaya ya karne ya 7 kwa vyungu, makaburi na sarafu, umejifunza pia namna ya kujibu madai kama yale.

Nanga kumi

Kama ni lazima ubebe tarehe, beba hizi, kila moja na kazi yake:

- 378: Adrianople, jeshi la Kirumi linapigwa ndani ya mipaka yake.
- 439: Carthage, kodi ya Afrika inapotea.
- 476: Odoacer, jina la kaisari linaondoka Magharibi.
- 511: kifo cha Clovis, ufalme unagawanywa kama urithi.
- 541: tauni, ndoto ya Justinian inapungua nguvu.
- 597: Augustine anafika Kent, Papa anapanua mkono wake.
- 751: Pippin, nguvu inanunua uhalali kwa Papa.
- 800: taji la Charlemagne.
- 843: Verdun, dola inagawanywa.
- 962: Otto I anavikwa taji la kaisari Roma, miaka saba baada ya kuwashinda Wamagyari pale Lechfeld. Jina la dola bado lina thamani.

Tujaribu swali moja

Kwa kiasi gani kutawazwa kwa Charlemagne kuliifufua Dola ya Kirumi ya Magharibi?

Msimamo: kulifufua jina na fikra, si mfumo. Aya ya kwanza, toa haki upande wa pili: alitawala Gallia, sehemu kubwa ya Ujerumani na Italia ya kaskazini, alikuwa na Papa, shule na sarafu ya aina moja. Aya ya pili, kodi: hakuwa na jeshi la mshahara kama la Roma, wakubwa walikuja vitani na watu wao. Aya ya tatu, ardhi: alitawala kupitia makaunti, akatuma wakaguzi wake kuwachunguza, na mfumo ulitegemea nguvu yake binafsi, tazama 843, miaka 29 tu baada ya kifo chake. Aya ya nne, kalamu: Einhard dhidi ya mazingira ya 799. Hitimisho: pima, usirudie. Umeona? Maswali matatu, aya tatu, na sehemu ya mjadala juu.

Wiki ya mwisho

Siku mbili za kwanza soma simulizi moja tu mwanzo hadi mwisho, halafu funga kitabu na uandike nusu ukurasa kwa kila swali kati ya yale matatu. Siku ya tatu ni ya wanahistoria, ya nne ni ya vyanzo. Siku ya tano chukua maswali ya miaka iliyopita na uyapangie majibu, dakika kumi kila moja, bila kuandika insha nzima. Siku ya sita kaeni kikundi, watu wanne wanatosha. Wakizidi inakuwa kijiwe. Siku ya saba pitia nanga zako na ulale mapema.

Kwenye kikundi fanyeni jambo moja zaidi. Testi tunaandika kwa Kiingereza, lakini kuelewa si lazima kuanzie huko. Mweleze mwenzako kwa Kiswahili kwa nini kupotea kwa Carthage kuliua Roma. Ukikwama, hukukwama lugha, hujaelewa. Ukishaeleza kwa Kiswahili mpaka mwanafunzi wa uhandisi mnayelala naye chumba kimoja akasema "aah, kumbe", Kiingereza chake kitakuja, maana sasa una cha kukisema.

Ndani ya chumba, dakika tano za kwanza usiandike jibu. Andika msimamo wako kwa sentensi moja pembeni, na chini yake maneno matatu: kodi, ardhi, kalamu. Swali lisipogusa moja kati ya hayo, liache hilo moja, usilazimishe.

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutasimama mbele ya darasa miaka michache ijayo, na mtoto atauliza kwa nini anajifunza habari za wafalme waliokufa Ulaya miaka 1,200 iliyopita. Tukiwa tulipita kwa kukariri, tutampa tarehe. Tukiwa tulielewa, tutamwambia amuulize mtawala yeyote, wa zamani au wa leo: unalipa watu wako kwa nini, ardhi ni ya nani, na nani anayeandika habari zako? Kila la heri kwenye testi.